Tangi la mafuta limeng'olewa kwenye yadi yetu Tabata: tuchunguzeje udongo na maji kabla ya kufukia shimo?

Binti wa Tabata aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya familia yetu. Marehemu baba alikuwa na yadi ya malori hapa Tabata, na ndani ya yadi hiyo kulikuwa na tangi la chuma la lita 10,000 lililofukiwa ardhini tangu miaka ya 1980. Kwanza lilihifadhi petroli, baadaye likawa la dizeli. Malori yaliuzwa, pampu ikaondolewa, na tangi likabaki chini ya zege bila mtu kulifikiria, hadi wiki hii tulipoamua kulitoa ili tujenge nyumba za kupangisha.

Lilipoinuliwa tuliona kwamba upande wake wa chini umeliwa na kutu, na karibu na pale bomba lilipoungana nalo kuna matundu ambayo kidole kinapita. Mchanga uliokuwa chini yake umebadilika kuwa wa kijivu kinachokaribia weusi, nao unatoa harufu kali ya mafuta. Katika kina cha kama mita 3 na nusu maji yameanza kujikusanya, na juu yake kuna utando unaometameta rangirangi. Mkandarasi anashauri tuchote ule mchanga mweusi, tujaze kifusi, tushindilie na kazi iishe. Nimekataa kwa sasa, lakini ananisukuma kila asubuhi kwa sababu mvua za vuli zinakaribia.

Kinachonikosesha usingizi ni visima. Chetu kiko takriban mita 25 kutoka kwenye shimo na kina urefu wa mita 30. Ng'ambo ya ukuta, majirani wawili wana visima vyao, na mmoja wao huwauzia watu wa mtaa maji kwa ndoo siku ambazo bomba halitoi. Maji yetu hayana harufu wala ladha ya mafuta. Je, hilo linatosha kututuliza? Kama halitoshi, naomba mnieleze ni wapi tuchukue sampuli, kwa kina gani, tupime vitu gani, na ni mamlaka zipi zinapaswa kupewa taarifa. Niko tayari kuchelewesha ujenzi.

Mhaidrojiolojia wa Pwani alijibu:

Dada, umefanya jambo la maana sana kulizuia shimo lisifukiwe. Shimo lililo wazi linakuonyesha kwa macho sehemu ambayo baadaye itakugharimu uchimbaji mwingine kuifikia, kwa hiyo lisifungwe kabla sampuli hazijatoka.

Kabla ya yote nazungumzia usalama, maana hapa watu hupoteza maisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ya shimo. Mtu asishuke humo bila hewa kupimwa na bila mwenzake aliye juu, na pasiwe na sigara, jenereta wala cheche karibu. Tangi lenyewe lisikatwe kwa gesi ili liuzwe kama chuma chakavu mpaka lisafishwe na mvuke uliomo utolewe na kupimwa, kwa sababu tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa. Udongo mchafu mliokwisha kuutoa uwekwe peke yake juu ya turubai na ufunikwe kwa turubai jingine. Dar es Salaam kifusi hakikosi mteja, na mchanga huo ukiondoka na lori usiku, kesho utakuwa umejazwa kwenye kiwanja cha mtu bondeni.

Sasa nije kwenye uchunguzi. Mafuta yanapovuja hushuka kwa uzito wake kupitia mchanga, na kila yanapopita huacha kiasi fulani kimenasa katikati ya punje. Yakifika kwenye maji hayazami, kwa sababu petroli ina msongamano wa takriban 0.75 na dizeli takriban 0.84, ilhali maji ni 1. Huelea na kusambaa juu ya usawa wa maji. Lakini usawa huo haukai mahali pamoja: masika huupandisha, kiangazi huushusha, na mafuta hupanda na kushuka pamoja nao, yakiupaka mchanga katika ukanda mzima ulio kati ya kiwango cha juu na cha chini. Kwa miaka yote ambayo tangi lenu limekuwa likivuja, ukanda huo unaweza kuwa umeshiba mafuta hata mbali na shimo, wakati udongo wa juu yake ni safi kabisa. Mkandarasi anayefuata weusi anaouona kwenye kuta za shimo hawezi kulijua hilo.

Kwa hiyo sampuli za udongo zichukuliwe kwanza ndani ya shimo, katika udongo wa asili ambao haukuchimbuliwa: chini ya ncha zote mbili za tangi, kwenye kuta nne karibu na usawa wa maji, na hasa pale bomba lilipoungana na tangi. Halafu fuateni njia ya bomba mpaka pale pampu iliposimama. Watu wengi huchunguza tangi na kulisahau bomba, ilhali viungo vya mabomba na sehemu iliyo chini ya pampu huvuja mara nyingi sana. Nje ya shimo, tumieni keekee ya mkono (chombo cha kutobolea ardhi kwa kuzungusha), mkishuka na kuangalia udongo kila nusu mita hadi mpite usawa wa maji. Mshauri mzuri atakuwa na kifaa cha kupima mvuke: kipande cha udongo hufungwa kwenye mfuko, huachwa kwa dakika chache, kisha mvuke uliokusanyika husomwa. Kifaa hicho hakitaji jina la kemikali, lakini kinaonyesha ni kina kipi kinachostahili kupelekwa maabara.

Upande wa maji, mnahitaji visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, na visipangwe katika mstari mmoja. Idadi hiyo ina sababu yake. Ukijua urefu wa usawa wa maji katika alama tatu zinazounda pembetatu, unaweza kukokotoa maji yanaelekea upande gani. Kwa alama mbili huwezi. Kimo cha midomo ya visima hivyo kipimwe na mpima ardhi kutoka alama moja ya rejeo, kwa sababu tofauti ya sentimita chache tu inaweza kugeuza jibu. Kimoja kiwe upande ambao maji yanatokea, ili mjue kama kuna uchafu unaoingia kutoka kwa mwingine. Tabata ina gereji nyingi, na si haki kubebeshwa mzigo usio wenu. Kingine kiwe jirani kabisa na shimo, na cha tatu kiwe kati ya shimo na visima vya majirani. Msidhani kwamba kwa kuwa bonde la Mto Msimbazi liko upande fulani, basi maji lazima yaelekee huko. Visima vinavyovutwa kwa pampu kila siku huweza kuyageuza maji na kuyaita kwao.

Visima hivi visifanane na vya kuchotea maji ya nyumbani. Bomba la PVC la inchi 2 linatosha, lakini sehemu yenye matundu lazima ikate usawa wa maji, kwa mfano kuanzia mita 2 hadi mita 6 kwa kina ulichokitaja, ili mafuta yanayoelea yaweze kuingia. Kisima chenye matundu kuanzia mita 15 kwenda chini kitaleta maji safi huku mafuta yakielea mita kadhaa juu yake. Kuzunguka matundu wekeni mchanga safi wa kuchujia, juu yake bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba) ya angalau nusu mita, kisha saruji na mfuniko wenye kufuli. Baada ya kuvisafisha, acheni vitulie kwa siku kadhaa kabla ya kupima.

Na hapa ndipo ninapojibu kuhusu kisima chenu cha mita 30. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ina tabaka la mchanga lenye maji karibu na uso wa nchi, chini yake mfinyanzi, na chini ya mfinyanzi tabaka jingine la mchanga lenye maji. Mfinyanzi huo husaidia, ila haukuenea kila mahali kwa unene uleule. Kama kisima chenu kinavuta kutoka tabaka la chini, usafi wake hausemi lolote kuhusu maji ya juu. Tena, kama mchimbaji hakuziba kwa saruji nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa kisima, hiyo yenyewe ni njia ya kuushusha uchafu.

Mkemia alijibu:

Ninaunga mkono yote aliyosema mtaalamu hapo juu, na ninaomba niongeze la harufu, kwa kuwa dada ameliuliza kwanza na lina uzito mkubwa.

Kemikali inayotutisha zaidi katika petroli ni benzini, ambayo imethibitika kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Pua ya binadamu huanza kuinusa benzini ndani ya maji ikifika takriban miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kiwango hicho. Ni kweli kwamba petroli ina vitu vingine vinavyonukia mapema zaidi, lakini hivyo havisafiri lazima kwa mwendo uleule. Benzini huyeyuka kwenye maji kuliko wenzake wengi, hivyo huweza kutangulia. Maji yasiyo na harufu, kwa hiyo, bado hayajapimwa.

Fikirini kiasi kidogo tu. Lita 1 ya petroli ina uzito wa gramu 750 hivi. Ikiwa benzini ni asilimia 1 ya uzito huo, tunapata gramu 7.5, ambazo zikisambaa kwenye maji zinatosha kufikisha lita 750,000 kwenye kiwango cha mwongozo. Hayo ni matangi 150 ya lita 5,000, kutokana na lita moja.

Maabara iombwe kupima benzini, toluini, ethilibenzini na zaileni, pamoja na jumla ya haidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta, kwa makundi ya petroli na ya dizeli. Kwa kuwa tangi lilibeba dizeli, ongezeni naftalini na jamii yake. Na kwa kuwa lilibeba petroli tangu miaka ya 1980, pimeni pia madini ya risasi kwenye udongo, maana nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Pamoja na risasi kulikuwa na ethilini daibromaidi, iliyotiwa ili risasi isigande ndani ya injini. Hii mwongozo wake ni mikrogramu 0.4 tu kwa lita, nayo hukaa ardhini muda mrefu. Watu huisahau.

Kabla ya kuchukua sampuli yoyote, iulizeni maabara ni kiasi gani kidogo kabisa cha kemikali inachoweza kukigundua, iwe ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ya chuo kikuu au ya binafsi. Maabara isiyoweza kuona chini ya mikrogramu 50 itakuandikia kwamba benzini haikugundulika, nawe utarudi nyumbani na furaha wakati maji yana mara nne ya kiwango. Ombeni jibu hilo kwa maandishi.

Uchukuaji wa sampuli ndio huharibu kazi kuliko mashine. Maji yachukuliwe kwa utaratibu bila kuyakoroga, yajazwe katika vichupa vya kioo vya mililita 40 hadi pomoni, pasibaki hata kiputo cha hewa, kwa sababu kemikali hizi hukimbilia hewani. Vichupa viwe na matone ya asidi hidrokloriki ya kushusha pH (kipimo cha uasidi) chini ya 2, viwekwe kwenye barafu kwa nyuzi 4 hivi, na vipimwe ndani ya siku 14. Pelekeni pia kichupa kimoja chenye maji safi kilichosafiri pamoja na vingine bila kufunguliwa, na sampuli moja iliyochukuliwa mara mbili kwa majina tofauti. Udongo nao usichanganywe kutoka sehemu mbalimbali kwenye ndoo ili kupata wastani. Ukichanganya, mvuke unaondoka na namba inashuka. Nimeona chupa za maji ya kunywa zikiletwa maabara zikiwa nusu, zimeshinda juani kwenye daladala, na majibu yake yakatumiwa kumtoa mtu hofu. Jambo hilo linaniumiza.

Mchimba Visima wa Mbagala alijibu:

Shikamooni wataalamu. Nina jambo moja la kupinga, nalo ni mpangilio. Mmeanza na shimo, mkaenda kwenye visima vya uchunguzi, lakini hivyo vitahitaji kibali, mashine na fedha, na huenda mwezi ukapita. Wakati huo kuna watu wanakunywa. Mimi ningeanza kesho na visima vitatu vilivyopo, cha dada na vya majirani, kwa vichupa vile alivyoeleza mkemia, kabla ya senti moja kwenda kwenye uchimbaji. Sampuli ichukuliwe kwenye bomba lililo karibu kabisa na pampu, si kwenye tangi la juu ambako maji yamekwisha kupigwa na hewa na jua. Waulizwe pia walichimba lini, kina gani na mfinyanzi waliukuta wapi. Mafundi wengi huandika au hukumbuka, na taarifa hiyo ni ya bure.

Mhaidrojiolojia wa Pwani alijibu:

Ndugu yangu wa Mbagala amesema kweli, na mpangilio wake ni bora kuliko wangu. Visima vya watu vitangulie.

Niongeze jambo ambalo pengine mshauri atamwambia dada. Bakteria waliomo ardhini hula kemikali hizi wakitumia oksijeni, naitreti na salfeti zilizomo kwenye maji, na ndiyo maana uchafuzi wa mafuta hausafiri bila kikomo. Uchambuzi wa matangi yaliyovuja huko California, uliotolewa mwaka 1995 na maabara ya Lawrence Livermore, ulionyesha kwamba benzini iliyoyeyuka kwa kawaida haikuvuka takriban mita 80 kutoka kwenye chanzo. Habari hiyo hutumiwa kuwaambia watu kwamba wasubiri ardhi ijisafishe. Hapa haiwafai bado: kisima cha karibu kiko mita 25, pampu zinavuta, na hujapima kama mafuta yanayoelea bado yapo. Kujisafisha kwa ardhi ni hoja ya kuthibitishwa kwa vipimo vya misimu kadhaa, baada ya chanzo kuondolewa.

Kuhusu msimu, pimeni sasa mwishoni mwa kiangazi maji yakiwa chini, kisha rudieni baada ya masika. Maji yakiwa juu, mafuta yaliyonaswa mchangani hufunikwa na kubaki chini ya usawa wa maji na kisima kinaweza kuonekana hakina mafuta yanayoelea. Yakishuka, mafuta huchuruzika tena. Kipimo kimoja kitawadanganya kwa upande mmoja au mwingine. Mkiyakuta mafuta ndani ya kisima, msiuchukulie unene wake kama unene ulioko kwenye mchanga, maana ndani ya bomba unene huonekana mkubwa zaidi.

Binti wa Tabata aliandika:

Marahaba, na asanteni kwa moyo wote. Nimekwenda kwa majirani wote wawili pamoja na mjumbe wa shina, nimewaeleza bila kuficha. Jirani anayeuza maji alikasirika kwanza, kisha akakubali kisima chake kipimwe kwa gharama yetu. Nimebakiwa na mawili. Mkandarasi anataka kuyavuta kwa pampu maji ya shimoni na kuyaachia mtaroni; je, inafaa? Na taarifa ianzie wapi?

Mkemia alijibu:

Hapana, dada, yasiachiwe mtaroni. Mtaro utayafikisha Msimbazi, na njiani mvuke wake utapita kwenye milango ya watu. Yakilazimika kutolewa, yahifadhiwe kwenye tangi lililofungwa mpaka yapimwe na kuchukuliwa na mwenye kibali cha taka hatarishi. Tena yatarudi, mtavuta maji ya ardhini bila mwisho na huenda mkauvuta uchafu kutoka upande mwingine. Kilicho bora kabla ya vuli ni kujenga tuta kuzunguka shimo na kulifunika, ili maji ya mvua yasiingie.

Mhaidrojiolojia wa Pwani alijibu:

Taarifa ya maandishi iende NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ikiwa na picha za tangi, za matundu na za shimo, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo inayosimamia jambo hili, na kanuni zake za mwaka 2007 zina viwango vya ubora wa udongo na vya maji. Sheria hiyo inamtaka aliyechafua agharamie, na kwa familia yenu hilo ni sababu ya kujitokeza mapema mkiwa na vipimo. Nakala iende EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa upande wa hifadhi ya mafuta, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambako pia mtaomba kibali cha kuchimba visima vya uchunguzi. Ramani ya nyumba za kupangisha isipitishwe kabla ya majibu ya udongo, kwa sababu mvuke unaweza kupanda kupitia nyufa za sakafu na kuingia vyumbani hata pale ambapo hakuna mtu anayekunywa maji hayo.

Kwa wiki hizi za kusubiri, mwambie jirani asimamishe kuuza, na nyumba zote tatu zichukue maji ya kunywa na kupikia kwenye bomba la DAWASA au kwenye boza. Wasiyachemshe maji ya kisima wakidhani yatakuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini benzini huihamishia kwenye hewa ya jikoni, na mpishi ndiye anayeivuta.